Migomba ya Apolline Ilikula Nini

Apolline hakuwa na mume, hakuwa na mbuzi, na adabu yenyewe watu walisema aliizika pamoja na marehemu. Alichokuwa nacho ni migomba. Lakini migomba gani, jamani! Makemba yake, zile ndizi nene za kupika, yalikuwa makubwa mpaka wanawake wengine wakipanga ya kwao sokoni Kasongo karibu naye waliona haya, wakahama kwenda kukaa upande wa wauza samaki.

Migomba hiyo ilikuwa matongoni, pale kijiji cha zamani kilipokuwa kabla Wabelgiji hawajaamuru watu wote wabomoe nyumba zao na kuja kujipanga kando ya barabara ya kwenda Wamaza, kama vikombe kabatini, ili Bwana Mkubwa apate kuwahesabu bila kushuka garini. Watu wakahama. Nyumba za zamani zikaanguka, nyasi zikafunga njia. Kila mwanamume akapewa kipande cha kulima pamba, na asiyelima aliijua vizuri njia ya gereza. Apolline hakupewa kitu, maana mjane hakuhesabiwa kuwa mtu wa kazi. Vizuri sana, alisema, wasinihesabu. Akachukua jembe lake, akarudi matongoni, akapanda.

Watu walimwuliza anatumia dawa gani. Aliwajibu, "Dawa yake ni kuamka mapema, lakini hiyo nyinyi hamuiwezi." Kisha aliwauzia, akawatazama wakila, akacheka moyoni. Alikuwa na sababu yake ya kucheka, na hakumwambia mtu.

Sasa, msidhani migomba ile ilikuwa fahari tu. Grégoire, mume wake, alipokufa, mila ilitaka mdogo wake Pacifique amrithi mjane. Padri alikataza mambo hayo, lakini padri alikaa mbali na mila ilikaa mlango wa pili. Kwa binti yake Emilienne, aliyeolewa Nyangwe, Apolline hangeweza kwenda, maana tangu lini mama mtu akalala nyumba moja na mkwe wake? Kwa hiyo njia zilikuwa mbili tu: ajilishe mwenyewe, au afunge kifurushi aende kwa Pacifique, akae nyuma ya mke wake Véronique, akichota maji na kusubiri kuitwa. Kila mwaka Pacifique alikuja kuuliza, na kila mwaka Apolline alimjibu akiwa amesimama mbele ya mkungu wa makemba.

"Nije kwako nile nini, shemeji? Pamba?"

Pacifique alikuwa kapita wa pamba, yaani msimamizi wa mashamba. Alipewa kofia ya kaki na ruhusa ya kupigia watu kelele, na vyote viwili vilimzidi ukubwa. Shamba lake mwenyewe lilikuwa aibu. Alipanda pamba juu ya pamba, mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale alipoonyeshwa, mpaka udongo ukawa mweupe kama unga wa muhogo na miche ikatoa majani mekundu, mafupi, yenye huzuni. Mzungu wa kilimo, ambaye watu walimwita Bwana Pamba, alisimama katikati ya shamba hilo mbele ya kijiji kizima na kusema hata kuku angelima vizuri zaidi. Jioni ile Pacifique alikwenda mtoni kumwomba Apolline ampe nusu ya matongo. Hakuwa na haja ya kumwendea mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji naye, lakini akili nayo alikuwa ameiacha nyumbani.

"Shemeji," Apolline alimwambia, "pamba yako inafanana na ndevu zako. Ni chache, tena hazijui zinakwenda wapi."

Wanawake walicheka mpaka mtungi mmoja ukachukuliwa na maji. Pacifique akaondoka, na tangu siku ile alikuwa mtu anayengoja.

Aliyemletea alichongoja alikuwa Antoine. Huyu alikuwa moniteri, mwalimu wa kilimo, ametoka shule ya Wazungu, suruali fupi imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya, na Kifaransa alikiongea hata na mbuzi. Aliwaita watu wote barazani kwa Sultani Faradji, mkubwa wa kijiji, akaweka mezani chupa ya maji yenye mche wa mahindi ndani yake, na glasi nyingine yenye maji aliyoyatia wino mwekundu, na ndani yake ua jeupe. Ua lile lilikuwa limeanza kupata mishipa myekundu. Watoto wakasogea, na wakubwa wakajifanya hawashangai.

"Munaona nyuzi hizi?" akasema Antoine, akiinua mche. "Nyembamba kuliko nywele. Hii ndiyo midomo ya mumea. Muzizi haina meno, haitafune kitu. Ndani ya udongo muko chumvi, namna nyingi. Mvua ikinyesha, chumvi zinayeyuka ndani ya maji, na nywele hizi zinavuta ile maji, inapanda mpaka kwenye majani. Kama ule wino. Kitu kisichoyeyuka, muzizi hauwezi kukipokea. Sasa nyinyi munavuna pamba kila mwaka, chumvi zinatoka, hamurudishe kitu. Ndiyo sababu pamba inakonda."

Apolline alikuwa amekaa nyuma, mikono kifuani. "Amesoma miaka yote ile," akamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika, "kuja kutuambia mmea unakunywa maji." Lakini alinuna, na alinuna kwa sababu aliona kijana anasema kweli, tena anakaribia kusema zaidi.

"Na hizo chumvi zinatoka wapi?" mtu akauliza.

"Kwenye vitu vinavyooza. Majani, mavi ya mbuzi, mifupa, panya aliyekufa. Vyote vinaoza, vinarudi chumvi, muzizi inakunywa."

Hapo Pacifique akasimama. Akavua kofia yake ya kaki, na hilo tu lingetosha kuwaonya watu.

"Na mutu, Moniteri? Mutu akizikwa?"

Mtu mwenye akili ya kawaida angekohoa, angeomba maji ya kunywa, angesema mvua inakuja. Lakini msomi ukimtupia swali ni sawa na mbwa na mfupa, hawezi kuliacha lilale. Antoine akainua kidole.

"Mutu pia. Udongo hauchague."

Watu barazani wakaanza kuhesabu wafu wao kwa vidole. Maana kijiji cha zamani hakikuwa na makaburi ya misalaba kama haya ya siku hizi. Watu walizikwa nyuma ya nyumba zao, penye kivuli, na nyumba zenyewe zilikuwa zimeanguka. Na kwa watu wale hakukuwa na jambo baya kuliko kula mtu. Mwizi walimpiga, mzinzi walimcheka, lakini anayekula mtu ni mchawi, na mchawi hakai na watu.

"Baba yetu, Mzee Amuri, alizikwa matongoni, nyuma ya nyumba," akasema Pacifique polepole. "Migomba ya Mama Emilienne iko nyuma ya nyumba." Akavaa kofia yake, akakaa.

Loo! Siku ile ile wanawake walianza kutema mate wakimpita Apolline. Mzee mmoja alijitia kidole kooni kutapika makemba aliyoyala mwaka juzi. Waliokuwa wakibembeleza wapunguziwe bei sasa waliapa kwamba tangu zamani waliona yale makemba yana utamu usio wa kawaida, utamu wa nyama. Wapumbavu! Kijiji kizima kilikuwa kimenenepa kwa makemba yale, na sasa kila mmoja alikuwa akijipapasa tumbo kama aliyemeza funguo.

Shauri likapelekwa kwa Sultani Faradji. Pacifique alitaka mambo mawili, na aliyasema kwa uso wa huruma. Matongo yarudi kwa ukoo, yaani kwake, yasafishwe. Na mjane aletwe chini ya paa lake, apate kuchungwa.

Antoine aliitwa kuwa shahidi, na maskini alidhani amekuja kutuliza mambo.

"Sultani, muzizi haikuli mutu," akasema. "Mutu anaoza kwanza. Anakuwa chumvi."

"Baba yangu amekuwa chumvi?" akauliza Pacifique.

"Kwa namna fulani."

"Na hiyo chumvi iko ndani ya makemba?"

"Kidogo. Kidogo sana."

"Na makemba tuliyakula na mboga ya sombe?"

Antoine akajibu kwa Kifaransa. Shangazi yake Pacifique, dada wa Mzee Amuri, akaangua kilio, akimwomba kaka yake msamaha kwa kila jina alilokuwa nalo.

Sultani Faradji hakupenda shauri hili hata kidogo. Alikuwa mtu mnene na mwoga, na katika kijiji kile hakuna aliyekula makemba ya Apolline kumshinda yeye. Kama mjane ni mchawi, basi Sultani alikuwa mgeni wake wa kila juma. Alijifuta jasho, akatoa hukumu ya mtu anayetaka kwenda nyumbani.

"Matongo ni pahali pa wazee. Pafungwe. Mutu yeyote asiingie, asilime, asikate hata jani. Mama Emilienne peke yake ataingia, kwani yeye alikwisha kuingia. Makemba yake apike mwenyewe, hapa kijijini asimupe mutu. Nimemaliza."

Mnaisikia hukumu hiyo? Sikilizeni vizuri. Apolline alikuwa ameshinda! Shamba lote ni lake, limezungushiwa hofu ambayo ni boma kali kuliko miiba. Kijijini asiuze, haya, lakini Kasongo nani alimjua Mzee Amuri? Pacifique hangethubutu kutia mguu matongoni mpaka kufa kwake. Kilichotakiwa ni jambo moja dogo tu, kwamba Apolline afunge mdomo, aseme ndiyo Sultani, aende zake. Mtoto angelifanya.

Lakini Pacifique, kwa uchungu wa kushindwa, akasema kwa sauti, "Kumbe mchawi anahukumiwa kwa kupewa shamba! Nendeni basi, aendelee kumpika baba yetu, na mwenye kutaka mguu ampelekee sahani."

Watu wakacheka. Walikuwa na hofu, na kicheko cha hofu ndicho kikubwa kuliko vyote. Walimcheka Apolline usoni, yeye aliyekuwa amewacheka miaka yote. Matusi aliyaweza, mate aliyaweza, hata jina la uchawi angelibeba. Kuchekwa hakukuweza. Damu ilimpanda, akasimama, na Sultani alipompungia mkono akae, hakumwona.

"Aliyemuzika Mzee Amuri ni nani kati yenu?" akasema. "Weye Pacifique ulimuzika? Ulikuwa wapi baba yako akifa? Ulikuwa Kindu, unabeba mizigo ya Wazungu, na habari ilipokufikia ulisema njia ni mbali. Mimi ndiye niliyemwosha. Kaburi lake liko upande wa mto, chini ya mawe meusi, na hakuna mugomba unaolikaribia, kwa sababu mimi nina heshima kwa wafu, kama sina kwa wazima. Sasa munataka kujua migomba yangu inakula nini? Niwaambie?"

"Mama Emilienne," akasema Sultani, kama mtu anayeona chungu kinateleza, "si lazima."

"Mumesahau musalani? Mumesahau ule mfereji? Alikuja Muzungu wa usafi, akatuchimbisha mfereji mrefu nyuma ya nyumba, akasema kijiji kizima kiende pale. Mulikataa, mukasema wachawi watatukamata kwa mavi yetu. Mukapigwa fimbo, mukaenda. Mukaenda miaka na miaka! Tulipohama, kila mtu alisahau, mimi sikusahau. Nilifukia, nikapanda juu yake. Weye Sultani ulikwenda pale, mbio, nikikuona. Weye shangazi unayelia ulikwenda. Na weye shemeji, tumbo lako bovu tangu utoto, mugomba mkubwa kupita yote ni wako! Migomba yangu haikukula baba yenu. Imekula mavi yenu, na nyinyi mumeyarudia, na mulilamba vidole."

Basi hapo hapakukalika. Wengine walisema mwongo, wengine walishika matumbo upya, na wote pamoja walikimbia matongoni na majembe kwenda kuhakikisha. Mawe meusi yalikuwa upande wa mto, mahali pake, na nyasi zimepaliwa vizuri kuyazunguka. Chini ya migomba walichimba, wakakuta udongo mweusi, laini, mnene, na mizizi myeupe imejazana ndani yake, minene na myembamba, mpaka ile ya nywele aliyoionyesha Antoine. Hakuna mfupa wa mtu. Sultani Faradji alisimama ukingoni, akajikusanyia heshima iliyobaki, akasema, "Mavi ya kale hayanuki." Kisha akatangaza kwamba uchawi haupo, na akaenda nyumbani bila kula.

Ilikuwa siku kubwa ya Apolline. Alirudi kijijini akitembea katikati ya barabara, na watu wakapisha. Watoto walimwita Pacifique Baba Mugomba, na kofia ya kaki haikumsaidia. Apolline alifurahi, kwa nini nifiche? Alifurahi mpaka akaimba akiosha sufuria, na alilala akiwa na hakika kwamba katika kijiji kile cha wajinga alibaki mtu mmoja mwenye akili, naye ni yeye.

Hakumjali Antoine. Kijana yule alikuwa amebaki ndani ya shimo wengine walipoondoka, ameshika udongo mweusi kwa mikono miwili, anaunusa, macho yanamlengalenga kwa furaha. "Mama," alimwambia, "ukweli, ni kazi nzuri. Udongo wa namna hii sijauona tangu Kabambare." Apolline alimwambia atoke asije akaingiza miguu yake michafu kwenye mizizi. Antoine alitoka, akajipangusa magoti, akapanda baiskeli yake kwenda Kasongo. Hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa na habari nzuri tu, na mtu wa kumpelekea.

Bwana Pamba alikuja na gari, amefuatana na Antoine na askari. Alishuka matongoni, akachimba kwa ncha ya fimbo yake, akafikicha udongo kati ya vidole, akatikisa kichwa. Kijiji kizima kilikuwa kimemfuata na kusimama nyuma yake, Sultani mbele, Pacifique pembeni. Bwana Pamba akasema maneno marefu, na Antoine akayatafsiri, sauti yake ikipungua kadiri alivyoelewa alichokuwa akikisema. Bwana amefurahi sana. Hapa patakuwa shamba la mfano la pamba, watu waje kutazama kutoka pande zote. Ila Bwana anauliza neno moja kwanza. Upande wa Kabambare aliwahi kulimisha juu ya makaburi, watu wakafanya fujo, na wakubwa wake walimkasirikia. Hataki fujo tena. Je, hapa pana wafu?

Apolline alielewa kabla Antoine hajafunga mdomo. Aliiona migomba yote kwa mara moja, na nyuma ya migomba aliuona mlango wa Pacifique.

"Iko," akasema haraka. "Baba mukwe wangu iko hapa. Mzee Amuri. Hapa hapa, chini ya migomba."

Antoine alitazama viatu vyake, asitafsiri, asikanushe. Sultani Faradji alitazama mawingu. Apolline akageuka, akawaangalia wale watu wake mmoja mmoja, shangazi, wazee wa baraza, wanawake wa mtoni, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, uso wake uliwaomba kitu. Walichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na wengi walinyamaza kweli. Wengine walikuwa na huruma, wengine walikuwa bado wana kichefuchefu.

Pacifique akavua kofia.

"Hapana, Bwana," akasema. "Mzee Amuri iko kule mtoni, penye mawe. Hapa ni musalani. Huyu mama mwenyewe aliapa mbele ya Sultani, na sisi wote tulichimba, tuliona."

Antoine hakuwa na la kufanya, akatafsiri. Bwana Pamba alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Alicheka, akajifuta macho, akasema kitu kwa askari. Migomba ikatwe kesho asubuhi, yote, na ing'olewe na mizizi yake. Kapita Pacifique ndiye atakayelisimamia shamba. Kisha akapanda gari, vumbi likawafunika wote sawasawa.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Pacifique alibaki, amesimama mbali kidogo, wala hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

"Shemeji," akasema kwa upole, "nyumba yangu iko."

Apolline alimtafutia tusi. Alikuwa nayo mengi, ya ndevu, ya kofia, ya tumbo, yote yalikuwa mahali pake, na hakuna hata moja lililokuwa na kazi tena. Alilia, hakujificha. Asubuhi alikuja na panga lake mwenyewe kabla ya wakataji, kwa sababu hakutaka mgomba wake ukatwe na mkono wa mjinga, akaikata yote, akiitukana mmoja mmoja kwa kuota vizuri namna ile. Jioni alisimama mlangoni kwa Pacifique na kifurushi kichwani, akamwuliza Véronique kuni ziko wapi.